Duara la Kadibodi na Hesabu za Mama Leokadia

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinipa kanga mbili, seti ya vikombe na mzigo mmoja ambao sikuuomba: niwaandikie kidogo kuhusu kazi yangu ya ubibi shamba. Nilisema nitaandika nikipata nafasi. Nafasi ninayo sasa, maana mstaafu hana lingine la kujidai nalo. Mwaka niliopandishwa cheo umenitoka kichwani, na hata ningeukumbuka usingewafaa. Nitaandika jambo moja tu, kwa sababu wiki ile ya mwisho nilimwona mmoja wenu akipiga jani la nyanya picha kwa simu, na simu ikamwambia apulizie dawa. Nikamuuliza wadudu wamehesabiwa na nani. Mkacheka wote, nami nikacheka ili nisiharibu sherehe. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na bado sijalitua.

Nilipangiwa Songea mwezi wa sita, nikiwa na viatu vya wazi na sweta la kuazima. Baridi ya mwezi ule ilinifundisha adabu kabla ya mtu yeyote. Aliyenipokea ni Mzee Kassiani, bwana shamba wa siku nyingi, mfupi, mwenye kikohozi na baiskeli isiyokuwa na kengele. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, kisha akanivisha shingoni kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba ya kiatu. Hakuuliza nimesoma chuo gani. Alinipeleka kwenye bustani ya kabichi, akanichuchumalisha, akaniambia nigeuze jani. Alikuwa na msemo wake kwamba mdudu anakaa chini ya jani na bwana shamba anakaa juu ya baiskeli, ndiyo maana wawili hao hawakutani.

Mengi mazuri nilijifunza kwake, na moja ambalo ilinibidi nilisahau kwa uchungu. Zama zile dawa ilitoka bohari ya ushirika, na ilitoka kwa taarifa. Mkulima alisema ana wadudu kiasi gani, sisi tukajaza fomu, fomu ikapanda wilayani, dawa ikashuka kwa waliozidiwa zaidi. Wakulima si wajinga. Aliyeona wadudu kumi kwenye mche alisema thelathini, kwa sababu jirani yake naye alikuwa amesema thelathini. Basi sisi watu wa kilimo tukawa na utaratibu ambao haukuandikwa popote: ukipewa namba, unaigawa kwa tatu, ndipo unaandika. Mzee Kassiani aliifanya hesabu hiyo kichwani huku anakohoa. Mwaka wa kwanza nilitumia karatasi, mwaka wa pili kichwa, na kuanzia wa tatu sikujua hata kama nagawa. Mkono ulikuwa unaandika wenyewe.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Bohari ikafungwa, panya wakabaki na vitabu vya stoo. Dawa zikahamia kwenye maduka ya watu binafsi jirani na soko, na kwa wachuuzi waliozipima kwenye chupa za soda na kuziba kwa gunzi la hindi. Karatasi ya maelekezo ilibaki kwenye debe, na debe lilibaki kwa tajiri. Ukimuuliza mchuuzi ni dawa ya nini, anakujibu ni ya wadudu. Mama mmoja wa kata yangu alipulizia kabichi peku, upepo ukimrudishia usoni. Alipona, lakini mikono yake haikutulia tena, hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia apulizie. Tangu hapo kila nilipotamka neno hilo, nililitamka roho mkononi.

Ndipo mradi mmoja wa kilimo ulipotuletea nyumba ya nailoni. Nyinyi mnaita kitalu nyumba. Ilikuwa fremu ya miti iliyofunikwa nailoni nyeupe, na ndani yake nyanya zilipanda kwenye kamba hadi juu ya kichwa cha mtu. Mvua haikuzigusa, na baridi ilipungua. Walichosahau kutuambia ni kwamba wadudu nao wanapenda kukaa pasipo mvua wala baridi. Inzi weupe wakikolea mle ndani wanazaliana kuliko ulivyotarajia, wanafyonza majani na kuacha utomvu mtamu, utomvu unaota ukungu mweusi, na nyanya zinachafuka hata soko la jioni halizitaki. Na kupulizia dawa ndani ya nailoni iliyofungwa, kwa dawa za chupa za soda, nilijua maana yake.

Mtaalamu wa mradi alikuja na jibu, duara la kadibodi. Yalikuwa maduara mawili yaliyobanwa pamoja katikati kwa kipini, la juu likiwa na dirisha dogo. Unahesabu inzi weupe chini ya majani ya miche kumi, unapata wastani kwa jani, unazungusha hadi kwenye namba yako, na dirishani linatokea neno. Chini ya kumi lilisema Subiri. Kumi hadi ishirini, Tega, yaani ning'iniza vibati vya njano vilivyopakwa grisi, toa majani ya chini, osha kwa maji ya sabuni. Zaidi ya hapo, Pulizia. Mtaalamu alieleza kwamba ukisubiri vizuri, kuna vinyigu vidogo visivyouma ambavyo hutaga ndani ya watoto wa inzi na kuwageuza weusi, kwa hiyo kazi nusu inafanywa bure. Nililipenda duara lile kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza neno la kusubiri lilikuwa limeandikwa kwa wino, na si mimi tena niliyelisema.

Nyumba ya nailoni ilipewa kikundi cha akina mama cha kule pembeni ya mji, na kikundi kikampa Mama Leokadia aitunze, kwa sababu kiwanja chake kilikuwa karibu na maji. Mama Leokadia alikuwa mjane wa makamo, mkavu wa maneno. Shule hakuwahi kwenda. Kusoma na kuhesabu alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, akiwa na mtoto mgongoni. Wapo wanakikundi waliomaliza la saba ambao hawakufurahia kuona nyumba inakwenda kwake, na mwenyekiti, Mama Skolastika, alinidokeza mapema kwamba yule mwenzao ni mchapakazi lakini namba zinaweza kumshinda. Mama Leokadia alijua yanayosemwa. Nyumba ile kwake haikuwa nyanya tu. Alitaka waone kwamba aliyeanza kushika kalamu ukubwani anaweza kukabidhiwa kitu cha hesabu na asikiharibu.

Namna yake ya kuhesabu sijaiona kwa mwingine. Aliingia alfajiri, wakati inzi bado wamezizima kwa baridi na hawaruki. Aligeuza jani polepole kama anayemfunua mtoto aliyelala, na kwa kila inzi watano alihamisha punje moja ya hindi kutoka pindo hili la kanga hadi pindo lile. Akimaliza anamwaga punje kwenye ungo na kuzihesabu upya. Ikiwa mara mbili hazilingani, anarudi ndani; zikilingana, anatafuta wastani kwa jani.

Mimi nilipita kwake kila Jumatatu. Nilitakiwa nihesabu naye, lakini mwaka ule nilikuwa na kata tatu, maana wenzangu wawili walikuwa wamepunguzwa kazini. Mtakumbuka, au wazazi wenu watakumbuka, serikali ilivyokuwa inapunguza watu. Barua zilikuja Ijumaa. Kila Ijumaa mhudumu wa ofisi akitokea na bahasha mkononi, kila mtu alianza kupanga mafaili yake upya ili aonekane ana kazi. Kwa hiyo nilisimama nje ya nailoni na baiskeli yangu, Mama Leokadia ananitajia namba kwa mdomo, mimi naandika kwenye kadi ya mradi, nazungusha duara, namwambia neno lililotokea, naondoka. Kadi niliikabidhi kwa Mama Skolastika, ndiye mtunza kumbukumbu.

Jumatatu ya kwanza alinitajia sita, duara likasema Subiri. Ya pili kumi na tano, nikamwambia subiri. Ya tatu alinitajia ishirini na saba, na nikamwambia tena subiri. Hapo hakuondoka mlangoni.

“Bibi Shamba, mimi nawaona wengi,” alisema.

“Mwenye shamba siku zote huona wengi,” nilimjibu. “Duara limesema tusubiri vile vinyigu.”

“Haya. Kama duara limesema.”

Jibu langu lile la mwenye shamba, la kejeli kidogo, la mtu aliyesoma kwa asiyesoma, linanichoma hadi leo. Nilipanda baiskeli. Njia nzima kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza na sikukijua. Nilijiambia ni uchovu, nikajiambia ni habari ya orodha mpya ya punguzo. Lakini namba ndogo zilikuwa zinanipa amani, na mtu hachunguzi sana kinachompa amani.

Jumatatu ya nne Mama Leokadia hakunitajia namba. Aliniambia tu niingie. Nilipoinua pazia la mlango, inzi waliinuka kutoka kwenye miche kama unga unapopepetwa, wakanijaa machoni na puani. Majani ya chini yaling'aa kwa utomvu, na mashada ya mwanzo yalikuwa yameshaanza kupakwa weusi. Nilitoa kioo, nikachuchumaa, nikahesabu jani moja. Sikufika mwisho. Nikamuuliza juma lililopita alipata ngapi. Akaniambia, kama alivyoniambia, ishirini na saba.

Nikafungua daftari langu, ambamo nilinakili kila nilichojaza kwenye kadi. Palikuwa na mbili, tano, tisa.

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilielewa yote mara moja. Bohari ilikuwa imefungwa miaka mingi. Hakuna tena fomu iliyoleta dawa ya bure, kwa hiyo hakuna tena mkulima mwenye sababu ya kuongeza hata inzi mmoja. Mama Leokadia alinipa ukweli mtupu, punje kwa punje, na mkono wangu ukaukata vipande vitatu na kutupa viwili. Duara halikukosea. Liliulizwa swali la uongo likatoa jibu la haki. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini hawakusema taabu huwa ya nani.

Sasa niwaambie jambo la aibu. Mama Leokadia alikuwa amesimama pale ananitazama, na sikumwambia. Nilisimama, nikajifuta udongo, nikasema tuanze kazi. Siku mbili tulikata majani ya chini na kuyafukia mbali, tukaning'iniza vibati vya njano hadi nyumba ikafanana na harusi, tukaosha jani moja moja kwa maji ya sabuni ya mche. Hatukupulizia. Duara lingesema tupulizie, lakini sikuwa tayari kumwingiza mtu mle na chupa ya soda. Mashada ya juu yalikuwa yanaweza kupona. Ya chini, zaidi ya nusu ya mavuno, yalikuwa yamekwisha. Siku zote mbili tulifanya kazi bega kwa bega, na kila aliponyamaza nilidhani ananiuliza.

Alhamisi kikundi kikaitwa mkutanoni chini ya bati la Mama Skolastika. Mtaalamu wa mradi angefika wiki iliyofuata kukagua, na walitaka wawe na jibu. Walikuja kina mama kama kumi na tano. Mama Skolastika alishika kadi mkononi akaisoma kwa sauti: mbili, tano, tisa. Akauliza itakuwaje namba iwe tisa na nyumba iwe vile. Hakumtukana mtu. Alisema kwa upole kwamba kuhesabu kumemshinda mwenzao, si kosa lake, hakupata shule, na kwamba ni heri nyumba ikabidhiwe kwa aliyemaliza la saba kabla mradi haujaing'oa kabisa. Wengi waliitikia kwa kichwa.

Mama Leokadia alisimama. “Mimi sikusema tisa. Nilisema ishirini na saba.”

Mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto. Mama Skolastika akamwonyesha kadi. Alimwambia mwandiko ni wa Bibi Shamba, na Bibi Shamba amesoma chuo. Mama Leokadia hakuitazama kadi. Alinitazama mimi, na akabaki amesimama.

Nawaandikia ukweli, kwa hiyo nitawaandikia nilichowaza. Niliwaza barua za Ijumaa. Mtaalamu akisikia kwamba bibi shamba alijaza namba za kutunga, taarifa itafika wilayani, na orodha ilikuwa bado haijafungwa. Nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa. Nikiendelea kukaa kimya, kila mtu pale angeondoka ameridhika isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hakuna ambaye angemsadiki. Nilisikia mbuzi akilia nje, nikamsikia tena. Mama Leokadia alikuwa bado amesimama.

Nikainuka nikasema kwamba kosa ni langu.

Hawakuamini. Mama Skolastika akatabasamu akasema Bibi Shamba ana huruma, anamkingia mwenzake kifua. Kisha akawageukia wenzake. “Basi, jamani, kwa heshima ya Bibi Shamba, tumsamehe Mama Leokadia.”

“Mimi sina cha kusamehewa,” Mama Leokadia alisema.

Nikaona kwamba kusema hakutoshi. Nikamwomba Mama Skolastika kadi, nikaiinua wote waione, nikawaeleza habari ya bohari, fomu na kugawa. Wale wakubwa walianza kutazamana, maana wao ndio waliokuwa wakisema thelathini wakati wa ushirika, na hawakujua kama tulikuwa tunajua. Kisha nikaanza kuzirudisha namba. Mbili mara tatu, sita. Tano mara tatu, kumi na tano. Nilipofika kwenye tisa mara tatu, Mama Leokadia ndiye aliyemalizia.

“Ishirini na saba.”

Hapo hakuna aliyecheka. Nilimgeukia Mama Leokadia mbele ya wote, nikamwomba radhi kwa kuzivunja hesabu zake, na kwa kunyamaza siku tatu wakati najua. Nilingoja aseme amenisamehe, kama desturi. Alinitazama kidogo, akakaa.

“Nimesikia,” alisema.

Nyumba ilibaki kwake. Mashada ya juu yalipona, na mara hii vile vinyigu vilifika kweli. Chini ya majani watoto wa inzi walikuwa weusi tii, mtaalamu akawapiga picha. Nilimwandikia taarifa yenye namba zote, zangu na zake, nikaisaini, kisha nikaanza kusubiri Ijumaa. Ijumaa nne nilifika kazini nikayapanga mafaili yangu upya. Barua haikuja. Sijui kama taarifa ilisomwa au ilitumika kufungia vitumbua, na sikuuliza.

Jumatatu iliyofuata mkutano nilifika kwenye nyumba ya nailoni mapema ili nihesabu naye. Nilimkuta na jirani yake, mama mmoja wa la saba. Walikuwa wameshahesabu wote wawili. Mama Leokadia alinitajia namba, jirani akaithibitisha, kisha Mama Leokadia akasogea hadi ubavuni kwangu na kukaa hapo hadi nilipoiandika. Nilidhani ni kwa wiki hiyo tu. Ilikuwa hivyo msimu mzima, na misimu yote iliyofuata, hata nailoni ilipochakaa na mradi ukasahaulika.

Msidhani tuligombana. Tulizoeana kuliko ndugu. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekaa nami matanga hadi siku ya mwisho, na watoto wangu wanamwita mama mkubwa. Mwezi uliopita nilikwenda kumuaga kwa kustaafu. Alinipikia ugali na samaki wa Nyasa, tukazungumza habari za miguu inayouma na wajukuu wasiosikia. Nikamuuliza tu, kama watu waulizanavyo, mwaka huu amevuna magunia mangapi ya mahindi.

Aligeuka akamwita mkwewe kutoka jikoni, akangoja hadi akafika na kusimama pale mlangoni, ndipo akaniambia, “Kumi na manne.”